Mnyama akinyonyoka manyoya, msikimbilie sindano

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wafugaji, wenye mbwa wa ulinzi na wauza dawa za mifugo wa Dodoma na maeneo ya jirani. Hapa kwetu mnyama akinyonyoka manyoya, jina la kwanza analopewa ni upele, na tiba ya kwanza ni sindano mbili kwa mpigo: moja ya ivamektini, dawa ya kuua wadudu, nyingine ya deksamethasoni "ya kutuliza". Mara nyingi ni upele kweli. Lakini wapo wanyama ambao ngozi yao haina mdudu hata mmoja. Homoni zao ndizo zilizovurugika, na kwa baadhi yao ile sindano ya pili ndiyo iliyozivuruga.

Unywele hauoti mfululizo. Huota, husimama, hulala, kisha hung'oka kumpisha mwenzake. Homoni ya thairoksini, inayotoka kwenye tezi ya thairoidi iliyopo shingoni chini kidogo ya koromeo, ndiyo inayoliamsha shina la unywele lililolala. Kotisoli, inayotoka kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, ikizidi hulilaza shina hilo, huikondesha ngozi na kushusha kinga yake. Homoni ya kike nayo ikizidi huleta matokeo hayohayo. Basi mnyama akipungukiwa na ile ya kwanza au akizidiwa na hizi mbili, jicho linaona kitu kimoja: manyoya yanatoka na hayarudi.

Homoni husafiri kwenye damu, na damu haibagui ubavu wa kushoto na wa kulia. Ndiyo maana upara wa homoni huwa wa pande mbili zinazolingana kama picha na kioo chake: mbavu kwa mbavu, paja kwa paja, mara nyingi kichwa na miguu vikibaki na manyoya. Mdudu wa upele hana mpangilio huo. Kwa mbwa huanzia ncha za masikio, viwiko na tumboni, na mnyama hujikuna usiku kucha hadi anatoka damu. Mwenye tatizo la homoni, mwanzoni, hajikuni. Manyoya yake ukiyavuta kwa vidole viwili yanakuja kwa urahisi, kishungi kizima. Pitisha kiganja pale palipo wazi: kama pamelainika kama kitambaa, unywele umeng'oka na shina lake, kama panakwaruza kama brashi, unywele umekatwa kwa kukunwa au kulambwa. Dalili nyingine ambayo wengi huipuuza ni pale mnyama aliponyolewa kwa ajili ya kidonda au upasuaji. Manyoya yakiwa hayajarudi baada ya miezi 3 hadi 4, jambo hilo linahitaji kuchunguzwa.

Kuna mtego hapa. Ngozi iliyodhoofishwa na homoni hushambuliwa na bakteria na fangasi, vipele vya usaha vikaota, na sasa mnyama anajikuna. Ukimwona siku hiyo utaapa kuwa ni upele. Njia ya kutoka kwenye mtego huo ni kutibu kwanza kile kilichokuja juu: shampuu ya klorheksidini ya asilimia 2 hadi 4 mara mbili kwa wiki, povu likae mwilini dakika 10 kamili kwa kutazama saa kabla ya kusuuza, na ikiwa usaha ni mwingi, antibayotiki atakayoandika daktari kwa wiki 3 zisizokatizwa. Muwasho ukiisha na upara ukabaki palepale, bila kujikuna, hapo sasa tafuteni homoni.

Kabla ya yote hayo, ngozi ipimwe. Ni kazi ya dakika chache. Daktari huibana ngozi kati ya vidole, hudondoshea tone la mafuta, kisha hukwangua kwa wembe wa upasuaji kuelekea upande mmoja mpaka vitone vya damu vianze kutokeza. Akiishia juujuu hawezi kumwona demodeksi, mdudu anayeishi ndani kabisa ya shina la unywele. Huyu ndiye anayetuchanganya zaidi, kwa sababu kwa mbwa mchanga hunyonyoa manyoya bila muwasho, sawa na homoni. Mikwaruzo ichukuliwe sehemu tatu au nne, pembezoni mwa upara. Hadubini ya kawaida inatosha. Asiye na hadubini apeleke sampuli kwenye maabara ya veterinari. Ipo hapahapa Dodoma. Mashilingi, yaani fangasi wa ngozi, nayo ipimwe siku hiyohiyo, hasa kama watoto wa nyumba hiyo wana mabaka ya mviringo.

Sasa tuzungumzie deksamethasoni, maana hapa ndipo uchungu wetu ulipo. Dawa hii na ndugu zake, prednisoloni na sindano za steroidi za kukaa muda mrefu mwilini, ni kotisoli ya kutengenezwa. Zinaondoa muwasho haraka kweli, na ndiyo sababu zinapendwa. Miligramu 1 ya deksamethasoni hufanya kazi ya karibu miligramu 7 za prednisoloni. Chupa nyingi zina miligramu 2 kwa kila mililita 1. Mbwa wa kilo 20 akichomwa mililita 2 amepewa sawa na miligramu 27 hivi za prednisoloni, wakati kipimo cha kutuliza muwasho kwake ni miligramu 10 hadi 20 kwa siku, tena kwa siku chache. Akirudishwa wiki ijayo akachomwa tena, na ijayo tena, tezi zake za juu ya figo zinaona kotisoli imejaa kwenye damu na zinaacha kazi. Zinasinyaa.

Mbwa wa namna hiyo mtazameni vizuri. Tumbo limeshuka kama la mwenye mimba, mapaja yamekonda, anahema hata alfajiri wakati hewa ya Dodoma imepoa, anaomba chakula kila saa, anakojoa mahali ambapo hakuwahi kukojoa. Mlazeni chali, mvute kidogo ngozi ya tumbo juani. Ni nyembamba kama karatasi, mishipa ya damu inaonekana waziwazi, na kumetapakaa vidoa vyeusi vidogo, ambavyo ni vinyweleo vilivyozibwa na uchafu wa mafuta. Kwa wengine mgongoni au kinenani hutokea mabamba magumu yanayokwaruza kama chokaa iliyokauka. Ni madini ya kalisi yaliyojijenga ndani ya ngozi. Vidonda vyake haviponi. Mwenye mbwa anasema "upele umekuwa sugu", muuzaji anaongeza sindano, na hivyo ndivyo mnyama anavyouawa polepole na watu wanaomtakia mema.

Maji ni kipimo ambacho kila nyumba inaweza kukifanya bila gharama. Asubuhi jaza beseni la mbwa kwa chupa ya lita, andika umeweka kiasi gani, na kesho saa ileile pima kilichobaki. Fanya siku 3. Mbwa mzima hunywa kati ya mililita 50 na 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Wa kilo 25 basi ni kama lita moja na robo hadi moja na nusu. Akivuka mililita 100 kwa kilo, yaani lita mbili na nusu kwa huyo wa kilo 25, kuna tatizo. Mwezi wa Oktoba na Novemba joto litaongeza kidogo, na mbwa anayekula chakula kikavu hunywa zaidi ya anayekula ugali wenye mchuzi, lakini si mara mbili.

Steroidi hazipiti kwenye sindano peke yake. Krimu za binadamu zenye betamethasoni au klobetasoli, pamoja na zile za kujichubua, zinapakwa kwa mbwa na paka mitaani kila siku. Mnyama hulamba. Kinachopakwa mgongoni asubuhi kimeshafika tumboni saa nne.

Onyo letu kubwa kuliko yote: ukisoma barua hii ukatambua kuwa mbwa wako yuko hivyo, usimkatishe dawa leo. Tezi zake zimelala. Ukizinyang'anya ghafla kile kilichokuwa kikizifanyia kazi, mwili unabaki bila kotisoli kabisa, na ndani ya siku chache mnyama anatapika, anaharisha, anatetemeka, miguu ya nyuma inalegea, na anaweza kufa kwa jambo dogo kama kufungwa mahali pageni. Aliyekunywa vidonge kila siku kwa zaidi ya wiki mbili hupunguziwa robo hadi nusu ya kipimo kila baada ya wiki moja au mbili, kisha hupewa siku moja na kurukwa siku moja, mpaka aachishwe. Daktari ndiye atakayepanga ngazi hizo, na akionyesha dalili tulizozitaja katikati ya safari, apelekwe siku hiyohiyo. Manyoya huanza kurudi baada ya miezi, kwa kawaida 3 hadi 6, mara nyingine yakiwa na rangi tofauti na ya mwanzo. Msikate tamaa mwezi wa pili.

Wapo wanaopata kotisoli nyingi bila kuchomwa chochote. Hao wengi ni mbwa wa umri wa kati na wazee, na kwa karibu 8 kati ya 10 chanzo ni kivimbe kidogo kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Dalili ni zilezile. Damu ndiyo huwatofautisha: hupimwa kotisoli, mnyama huchomwa homoni ya kuziamsha tezi za juu ya figo, na baada ya saa moja hupimwa tena. Mgonjwa wa kivimbe kotisoli yake hupanda mno, ila mgonjwa wa sindano haipandi, maana tezi hizo hazina tena nguvu ya kuitikia.

Upungufu wa thairoksini kwa mbwa hujionyesha kwa namna yake. Huwapata zaidi wa miili mikubwa wenye umri wa kati. Mbwa ananenepa ilhali chakula hakijaongezwa, analala kutwa, anatafuta jua la asubuhi wakati wenzake wanatafuta kivuli, manyoya ni makavu yenye mba, mkia unabaki mtupu kama wa panya na ngozi inageuka nyeusi na kunenepa. Mara nyingi kinga yake ya mwili ndiyo imeila tezi. Kumbukeni kitu kimoja: mnyama aliyechomwa steroidi karibuni kipimo chake cha thairoksini kitashuka hata kama tezi ni nzima, kwa hiyo subirini wiki 4 hadi 6 baada ya dawa kuisha. Tiba ni levothairoksini, yaani thairoksini ya kutengenezwa, mikrogramu 20 kwa kilo asubuhi na jioni, maisha yake yote. Baada ya wiki kadhaa damu hupimwa saa 4 hadi 6 baada ya kidonge ili kipimo kirekebishwe. Uchangamfu hurudi ndani ya wiki chache; ngozi huchukua miezi 4 hadi 6.

Mbwa dume mwenye korodani moja tu inayoonekana naye asipuuzwe. Ile iliyobaki tumboni ni rahisi kuota uvimbe unaomwaga homoni ya kike: manyoya yanatoka mbavuni, chuchu zinavimba, madume wengine wanampanda. Ahasiwe pande zote mbili mapema, maana homoni hiyo huua uboho wa mifupa unaotengeneza damu.

Tuje kwa mbuzi, kwa sababu mkoa huu ni wa mbuzi. Mara kwa mara tunasikia mbuzi amezaa mtoto "uchi", hana manyoya au ana vinyweleo vichache, ngozi nene yenye maji, na shingoni uvimbe. Wengine huita laana, wengine huuza mama yake mnadani kwa bei ya kutupa. Ule uvimbe ni rovu. Mama alikosa madini joto (ayodini), na mtoto tumboni akakosa malighafi ya kutengeneza thairoksini. Tezi ilivimba kwa kujitahidi bila mafanikio. Mama mwenyewe anaweza kuonekana mzima kabisa, amenona.

Chumvi ya mezani nchini mwetu imekuwa ikiwekwa madini joto tangu miaka ya 1990, ndiyo maana rovu limepungua kwa watu. Mifugo imebaki nyuma, kwa kuwa wao hupewa chumvi ghafi ya bei nafuu, magadi, au hupelekwa kulamba udongo wa chumvichumvi mbugani. Vitu hivyo vina chumvi. Madini joto hatuwezi kuyategemea humo. Mbuzi anayekula kilo moja ya malisho makavu kwa siku anahitaji karibu nusu miligramu ya madini joto, na anayenyonyesha zaidi ya hapo. Gramu 10 za chumvi ya mezani yenye madini joto, yaani vijiko viwili vidogo vya chai, humpa sehemu kubwa ya kiasi hicho. Jiwe la kulamba lililoandikwa kiwango cha madini joto ni bora zaidi, kwani lina na zinki na shaba (kondoo wapewe jiwe lao, shaba nyingi huwaua). Liwekwe kivulini, juu ya ubao, lisinyeshewe. Chumvi iliyofunguliwa ikakaa juani miezi mitatu inaweza kupoteza sehemu kubwa ya madini joto yake ingawa ladha ni ileile.

Wakati nao una maana. Mimba ya mbuzi ni siku 150 hivi, na miezi miwili ya mwisho ndiyo ambayo tezi na ngozi ya mtoto vinajengwa kwa kasi. Anzeni kabla ya kupandisha, wala msisubiri kiwele kijae. Wala msimimine ayodini ya vidonda kwenye maji kwa kukisia. Madini joto yakizidi nayo huleta rovu, machozi, kikohozi kikavu na ngozi ya magamba.

Tafadhali, mtoto wa mbuzi akizaliwa mfu au mimba ikitoka, msimpasue nyumbani mkitafuta rovu. Ugonjwa wa kutupa mimba na homa ya Bonde la Ufa huja kwa sura hiyohiyo, na Dodoma inaukumbuka mlipuko wa homa hiyo wa mwaka 2007. Msimshike kwa mikono mitupu. Mwiteni afisa mifugo. Maabara itaipima tezi kwenye mizani. Ikizidi gramu 0.4 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto, yaani gramu 0.8 kwa mtoto wa kilo 2, huenda madini joto yalipungua.

Chakula pia kinaweza kuizuia tezi kazi. Kabichi nyingi na kisamvu kibichi hufanya hivyo. Lakini mti wa kutazamwa zaidi ni lusina, unaopandwa mipakani mwa mashamba na unaobaki kijani kiangazi chote. Majani yake yana protini nzuri na pia yana sumu iitwayo mimosini, ambayo kwanza hukata unywele kwenye shina lake, kisha ikisagwa tumboni hugeuka kuwa kitu kinachoibana tezi ya thairoidi. Wapo vijidudu vya tumboni vinavyoivunja sumu hiyo; waligunduliwa kwa mbuzi wa Hawaii, na katika miaka ya 1980 wakahamishiwa kwa mifugo ya Australia. Msitegemee kuwa mbuzi wenu wanao. Lusina isizidi theluthi moja ya chakula cha ng'ombe na mbuzi, tena waanzishwe kidogokidogo. Punda, nguruwe na sungura hawacheui, wao hata sehemu moja ya kumi ni nyingi. Punda aliyefungwa chini ya lusina akianza kupukutika nywele za shingoni na mkiani, mhamisheni kwanza kabla ya kumnunulia dawa yoyote.

Kuku wa mayai wanaopukutika kuanzia kichwani na shingoni, kisha kifuani, na kuacha kutaga, kwa kawaida wanabadilisha manyoya tu. Homoni ndizo zinazoamrisha, na kukosa maji siku moja au mbili kunatosha kuamsha zoezi hilo. Wakipukutika kuanzia mgongoni na karibu na njia ya haja, tafuteni chawa, utitiri au kudonoana.

Wauza dawa, tunajua mteja akija na mbwa anayejikuna anataka apone leo. Lakini steroidi ni dawa ya cheti, na ng'ombe au mbuzi mwenye mimba kubwa akichomwa deksamethasoni anaweza kuzaa kabla ya wakati. Angalau andikeni kwenye karatasi jina la dawa, kiasi na tarehe, mumpe mwenye mnyama. "Sindano ya mzio" si jina la dawa. Nanyi wenye mifugo, mkija kwa daktari njooni na karatasi hizo, makopo ya krimu mlizopaka, mfuko wa chumvi mnayotumia na hesabu ya maji ya siku 3. Tukiwa na hivyo mezani, nusu ya uchunguzi imeshafanyika kabla hatujamgusa mnyama.

Madaktari wa mifugo wawili,
Dodoma